Kupima maji ya uti wa mgongo kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa prioni: mwongozo kamili kwa maabara na wodi

Fomu inapofika dirishani ikiwa imeandikwa “anashukiwa CJD”, yaani ugonjwa wa prioni unaoua seli za ubongo, mambo mawili hutokea katika maabara nyingi. La kwanza, sampuli inawekwa kando na kila mtu anasubiri mwenzake aiguse. La pili, vipimo vya kawaida vinafutwa, eti kwa sababu ugonjwa wenyewe hauna tiba. Yote mawili yanamuumiza mgonjwa. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wataalamu wa maabara, wauguzi na madaktari wa hospitali zetu, na msimamo wangu ni huu: maji ya mgongo ya mgonjwa huyu lazima yajibu kwanza swali la ugonjwa unaotibika, kisha ndipo yajibu swali la prioni. Yanaweza kujibu yote mawili, mradi yachukuliwe na kutunzwa vizuri tangu dakika ya kwanza.

Kwa nini vipimo tulivyozoea haviioni prioni

Kila mmoja wetu ana protini iitwayo PrP juu ya seli za ubongo, na kwa kawaida haina madhara. Ugonjwa huanza pale baadhi ya protini hizo zinapojikunja vibaya na kuzilazimisha nyingine nzima zijikunje vivyo hivyo. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mmarekani Stanley Prusiner ndiye aliyezipa jina la prioni mwaka 1982, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Prioni haina DNA wala RNA, kwa hiyo PCR na GeneXpert, vipimo vinavyotafuta vinasaba vya vijidudu, hazina cha kukamata. Haioti kwenye kalcha, yaani pale tunapootesha vijidudu maabara. Mwili hauitengenezei kingamwili, kwa hiyo hakuna kipimo cha haraka cha damu kama cha VVU. Mgonjwa hana homa, na chembe nyeupe kwenye maji ya mgongo huwa ndani ya kiwango cha kawaida. Likumbuke hili la mwisho, kwa sababu ndilo linalotusaidia kuutenga ugonjwa huu na mengine.

Ugonjwa wa prioni unaoonekana zaidi kwa binadamu ni Creutzfeldt-Jakob, yaani CJD. Takriban asilimia 85 ya wagonjwa huupata bila sababu inayojulikana, asilimia 10 hadi 15 kwa kurithi, na chini ya asilimia 1 kwa kuambukizwa, kwa mfano kwa vifaa vya upasuaji wa ubongo au, kwa ile aina iliyotangazwa Uingereza mwaka 1996, kwa kula nyama ya ng’ombe wenye ugonjwa. Katika nchi zenye ufuatiliaji mzuri huonekana mgonjwa 1 hadi 2 kwa kila watu milioni 1 kwa mwaka. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Hata tukipunguza kwa kuwa taifa letu ni la vijana na ugonjwa huu hupenda wenye miaka 60 na kuendelea, bado ni watu kadhaa kila mwaka, na wengi wao huzikwa wakiwa wameambiwa ni kiharusi, ni uzee au ni kulogwa.

Hatua ya 1: Hakikisha kipimo kina sababu

Hii ni kazi ya daktari, lakini mtu wa maabara ana haki ya kuuliza. Picha ya kawaida ni mtu mzima ambaye akili inamwishia kwa wiki au miezi michache, si kwa miaka. Anayumba akitembea, mikono na miguu inashtuka-shtuka, anaona vitu vibaya au haoni kabisa, na mwishowe ananyamaza asiongee wala kujigeuza. Wengi hufariki ndani ya nusu mwaka hivi tangu dalili za kwanza. MRI, yaani picha ya ubongo kwa sumaku, huonyesha weupe wa pekee kwenye gamba la ubongo au kwenye viini vya ndani, na inapopatikana ifanyike kabla ya sindano ya mgongo. Hapo utajua pia kama kuna uvimbe ubongoni unaoifanya sindano iwe ya hatari.

Sasa hesabu magonjwa yanayofanana na hilo na yenye tiba: kaswende ya ubongo, VVU, fangasi wa kriptokokasi, kifua kikuu cha utando wa ubongo, virusi vya herpes, upungufu wa vitamini B12 na B1, tezi ya shingo, na magonjwa ya kinga ya mwili kuushambulia ubongo. Katika eneo letu kila moja kati ya hayo matano ya kwanza linapatikana zaidi kuliko CJD. Kipimo cha prioni kiagizwe pamoja na vipimo vya hayo, kisiagizwe badala yake.

Hatua ya 2: Piga simu kabla ya sindano

Usichukue maji ndipo uanze kutafuta pa kuyapeleka. Vipimo vya prioni hufanywa na maabara chache za rufaa. Marekani kuna kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa prioni katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, kilichoanzishwa mwaka 1997. Uingereza kuna kitengo cha taifa cha CJD mjini Edinburgh, kilichoanza kazi mwaka 1990. Mtanzania au Mkenya anayeugua akiwa Ohio au London sampuli yake huenda huko kwa njia za kawaida za hospitali. Anayeugua Mwanza au Eldoret anahitaji mipango zaidi, na mipango hiyo huchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe ya ndege.

Waulize maabara pokezi mambo haya, uyaandike: wanataka mililita ngapi, kichupa cha aina gani, iliyogandishwa au ya baridi tu, fomu ipi ijazwe, nani analipa, siku gani za wiki wanapokea, na kibali gani cha kuingiza sampuli nchini mwao kinahitajika. Upande wako omba kibali cha kutoa sampuli za binadamu nje ya nchi kwa mamlaka husika. Uliza pia kama wanataka damu ya kichupa cha EDTA (chenye dawa ya kuzuia damu isigande) kwa ajili ya kupima PRNP, jeni linalotengeneza protini ya PrP, kwa sababu ni rahisi kuichota siku hiyo hiyo. Kipimo cha jeni lakini kinagusa watoto na ndugu wa mgonjwa, kwa hiyo familia ielezwe na iridhie kabla damu haijaondoka.

Hatua ya 3: Kuchukua maji

Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji haya, na mwili hutengeneza karibu 20 kila saa. Mililita 12 hadi 15 zinarudi ndani ya saa moja hivi. Nasema hivyo kwa sababu nimeona woga wa kuchota, vinaletwa vitone vya kulowesha kitako cha kichupa, halafu maabara inaulizwa kwa nini haikufanya vipimo vyote. Kama hakuna kizuizi cha kitabibu, chota za kutosha mara moja. Sindano ya pili kwa mgonjwa anayeshtuka-shtuka ni mateso.

Mpangilio wa vichupa ndio moyo wa hatua hii. Maji ya kwanza kutoka mara nyingi huwa na damu ya jeraha la sindano yenyewe. Acha mililita 2 za mwanzo ziende kwenye kichupa cha vipimo vya kemia au kaswende. Vinavyofuata ni vya kalcha na kifua kikuu. Kichupa cha prioni kiwe cha mwisho au karibu na mwisho, maji yakiwa meupe kabisa, na hesabu ya chembe ifanyike kwenye kichupa kilichokitangulia ili tujue hali halisi ya maji tuliyoyagandisha.

Shika kichupa hicho mbele ya karatasi nyeupe kwenye mwanga wa dirisha. Yanayofaa yanaonekana kama maji ya kunywa: hayana rangi, hayana ukungu, hayana uzi wowote unaoelea. Ukiona wekundu hata hafifu, au umanjano kama wa chai iliyochujwa sana, andika kwenye fomu. Damu inaharibu vipimo kwa njia mbili zinazopingana: protini zake zinaweza kukifanya kipimo cha 14-3-3, kinachoonyesha uharibifu wa ubongo, kionekane chanya bila sababu, na hapo hapo zinakizuia kipimo cha RT-QuIC, kinachotafuta prioni yenyewe, kisione prioni iliyopo (vyote nitavieleza Hatua ya 7). Maabara za rufaa hupata shida na maji yenye chembe nyekundu zaidi ya 1,250 kwa mikrolita, chembe nyeupe zaidi ya 10, au protini inayozidi gramu 1 kwa lita.

Kichupa kiwe cha plastiki ya polipropilini chenye mfuniko wa kusokota. Protini ya tau, ambayo nayo hupimwa kuonyesha uharibifu wa ubongo, hunata kwenye kioo na kwenye plastiki ya polistirini, hivyo ukitumia kichupa kisichofaa majibu yatashuka bila mgonjwa kuwa na nafuu yoyote. Usitie dawa ya kuhifadhi ya aina yoyote.

Hatua ya 4: Usalama bila hofu

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, kwa pande zote mbili, kwa hiyo nitakaa kidogo.

CJD haiambukizi kwa kumgusa mgonjwa, kumwogesha, kumlisha wala kukaa naye chumba kimoja. Shirika la Afya Duniani limeuweka ubongo, uti wa mgongo na jicho katika kundi la hatari kubwa, na maji ya mgongo katika kundi la hatari ndogo. Ndogo haina maana ya sifuri. Maana yake ni kwamba mtaalamu anayefanya kazi kwa utaratibu uliozoeleka, akiwa na vifaa vyake, hana sababu ya kuikataa sampuli. Kwa kweli anayechezea maji ya mgongo bila glavu ana sababu kubwa zaidi ya kuogopa VVU na homa ya ini kuliko prioni.

Hatari ya kweli iko kwenye kitu chenye ncha. Mwaka 2010 mfanyakazi kijana wa maabara ya utafiti nchini Ufaransa alikuwa akisafisha kifaa cha kukatia vipande vya ubongo wa panya walioambukizwa, koleo likamchoma kidole gumba likapenya jozi mbili za glavu. Dalili zilianza miaka saba na nusu baadaye, naye akafariki mwaka 2019. Ulikuwa ubongo, haukuwa maji ya mgongo, na ubongo hubeba prioni nyingi mno kuliko maji hayo. Hata hivyo somo la kazini ni lile lile: toa kila chenye ncha kisicho cha lazima mezani.

Kwa hiyo vaa koti la maabara, glavu mbili, miwani au ngao ya uso, na fanyia kazi ndani ya kabati la usalama wa kibayolojia kila unapofungua kichupa. Tandika karatasi yenye plastiki chini yake. Tumia pipeti za plastiki za kutupa, pamoja na chemba za kuhesabia chembe za kutupa ukizipata. Sentrifuji, yaani mashine ya kuzungusha sampuli ili chembe zitue chini, iwe na vikombe vyenye vifuniko. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unashauri maji haya yasipitishwe kwenye mashine zinazojiendesha zenyewe, kwa kuwa mirija ya ndani haisafishiki. Hesabu chembe kwa hadubini, na pima sukari na protini kwa njia ya mkono ikiwa ipo.

Sasa kusafisha. Spiriti haiui prioni. Fomalini haiui, bali huigandisha mahali pake ikadumu zaidi. Mwaka 1977 iliripotiwa mjini Zurich kwamba vijana wawili wa kifafa walipata CJD kutokana na waya za kupimia umeme wa ubongo zilizotumika kabla yao kwa mgonjwa wa CJD, ingawa zilikuwa zimesafishwa kwa spiriti na mvuke wa fomaldehaidi. Mionzi ya taa ya zambarau nayo haitoshi.

Vinavyofanya kazi ni viwili vinavyopatikana hapa kwetu. Cha kwanza ni dawa ya klorini yenye nguvu ya sehemu 20,000 kwa milioni, ikae juu ya mahali panaposafishwa kwa saa 1 bila kukauka. Soma lebo ya chupa. Ikiwa dawa ina asilimia 3.5 ya klorini, changanya vipimo 4 vya dawa na vipimo 3 vya maji; yule anayezoea kuchanganya 1 kwa 9 kwa ajili ya damu ya kawaida anakuwa mbali sana na kiwango hiki. Tengeneza siku ile ile, kwa sababu klorini huisha nguvu, na isiguse fomalini wala asidi. Cha pili ni sodiamu haidroksaidi ya nguvu ya 1, yaani gramu 40 katika lita 1 ya maji, nayo saa 1. Hiyo inachoma ngozi na macho, na inakula aluminiamu. Tia punje za kemikali hiyo ndani ya maji kidogo kidogo, usimwage maji juu ya punje.

Kilichomwagika: funika kwa karatasi za kufyonza, mwagia dawa kutoka pembeni kuelekea katikati, subiri saa nzima kwa saa ya ukutani, kisha zoa. Taka zote, pamoja na glavu na karatasi za mezani, ziende kwenye mfuko wenye alama na zichomwe kwenye tanuri la taka za hospitali. Sindano ya mgongo yenyewe itupwe moja kwa moja kwenye sanduku la usalama hapo wodini. Seti za chuma za kutumika tena zisitumike kabisa kwa mgonjwa huyu.

Ukijichoma, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni bila kukamua wala kusugua, andika taarifa ya tukio siku hiyo hiyo, na mwone daktari. Taarifa ihifadhiwe kwa miaka mingi, maana ugonjwa huu unakawia.

Hatua ya 5: Vipimo vya kwanza vifanyike hapa hapa

Gawanya maji kabla hayajaisha. Mgao ninaoupendekeza kwa mililita 14 ni huu: 1 kwa kuhesabu chembe, 1 kwa sukari na protini, 2 kwa rangi ya Gram (ya kuonyesha bakteria kwa hadubini), kalcha, kriptokokasi na kaswende, 4 kwa kifua kikuu kwa kuwa vijidudu vyake huwa vichache mno ndani ya maji haya, 4 kwa prioni, na 2 za akiba. Yakiwa machache kuliko hapo, punguza fungu la prioni kabla hujapunguza la kifua kikuu. Najua daktari wa mishipa ya fahamu anaweza kunung’unika. Lakini kifua kikuu kinaua mtu ambaye angepona.

Maji ya mgonjwa wa CJD kwa kawaida yana chembe nyeupe chini ya 5, sukari nzuri, na protini ya kawaida au iliyopanda kidogo. Ukihesabu chembe nyeupe 80, mpigie daktari simu kabla hujafunga sanduku la kusafirisha. Kuna kitu kingine kinaendelea, na pengine kina dawa. Hesabu ya chembe, sukari na protini ziandikwe kwenye fomu ya maabara ya rufaa, kwa kuwa bila hizo hawawezi kujua kama majibu hasi ni hasi ya kweli au ni maji yaliyozuia kipimo.

Hatua ya 6: Kugandisha na kusafirisha

Kama kuna chembe nyekundu chache, pitisha maji kwenye sentrifuji na uchukue ya juu kabla ya kugandisha. Chembe zikigandishwa hupasuka, na kilichokuwa wekundu unaoweza kutengwa kinakuwa uchafu usiotoka tena. Sampuli yenye damu nyingi haiokolewi kwa njia hiyo, na ni bora kusubiri siku kadhaa daktari achote nyingine.

Gawa kwenye vichupa vya mililita 1 hivi, usijaze zaidi ya robo tatu maana maji yakiganda yanatanuka. Andika kwa kalamu isiyofutika: jina au namba ya mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, tarehe na saa ya kuchota. Weka kwenye friza ya nyuzi −80 mapema iwezekanavyo. Ukiwa na ya −20 tu, tumia hiyo kwa siku chache huku ukiharakisha safari, ila isiwe friza ya nyumbani inayojiyeyushia barafu yenyewe, kwa kuwa hiyo hupasha na kugandisha vitu kila siku. Umeme unapokatika usifungue mlango. Prioni yenyewe ni ngumu na huvumilia misukosuko, lakini protini za 14-3-3 na tau hazivumilii hivyo, na maabara ya rufaa inahitaji zote tatu ili kusoma picha nzima.

Sampuli hii husafirishwa kama kitu cha kibayolojia cha daraja B, namba UN3373, katika vifungashio vitatu: kichupa, kopo lisilovuja lenye karatasi za kufyonza, na sanduku gumu la nje. Barafu kavu huwekwa kati ya kopo na sanduku, kamwe isiwe ndani ya kopo lililofungwa, kwa sababu inageuka gesi na kulipasua. Sanduku la nje liwe na pa kupumulia na lebo ya UN1845 yenye uzito wa barafu hiyo kwa kilo. Tuma Jumatatu au Jumanne. Sampuli inayoondoka Ijumaa inaweza kukaa uwanja wa ndege hadi barafu yote iishe, na hakuna wa kumlaumu.

Hatua ya 7: Yanayofanyika kwenye maabara ya rufaa

Vipimo viwili vya kwanza vinapima uharibifu. Seli za ubongo zikifa kwa wingi, protini zilizokuwa ndani yake humwagika kwenye maji. Protini ya 14-3-3 ilitangazwa kuwa alama ya CJD mwaka 1996, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotegemewa. Tatizo lake ni kwamba kiharusi kipya, degedege la muda mrefu na homa ya ubongo ya herpes nazo huua seli na kuipandisha. Wako watu walioitwa wagonjwa wa CJD kwa kipimo hiki kumbe walikuwa na ugonjwa wenye dawa, na ndiyo sababu sipendi kuona 14-3-3 ikisomwa peke yake. Tau jumla hupimwa kwa namba, na Cleveland wametumia kizingiti cha pikogramu 1,150 kwa mililita. Katika CJD hupanda sana, mara nyingi mara kadhaa juu ya hapo, wakati katika Alzheimer, ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, hupanda kwa kiasi.

Cha tatu, RT-QuIC, ndicho kilichobadilisha kazi hii. Kilitengenezwa na watafiti wa Nagasaki, Japani, na wa Rocky Mountain Laboratories huko Hamilton, Montana, na mwaka 2011 wakaonyesha kwamba kinaweza kuona prioni kwenye maji ya mgongo. Wazo lake linatumia tabia ya prioni yenyewe. Unaandaa protini safi ya PrP ya hamster iliyotengenezwa na bakteria, unaitia kwenye bafa ya chumvi, yaani kimiminika kinachotunza hali ya mchanganyiko, pamoja na rangi iitwayo thioflavini T, unaongeza mikrolita chache za maji ya mgonjwa, kisha unatikisa. Ikiwa ndani ya maji kuna prioni, zitazikunja protini hizo safi kuwa nyuzi, na rangi ile ikinata kwenye nyuzi inang’aa.

Katika toleo la pili, lililotangazwa mwaka 2015, kila kisima cha bamba jeusi la visima 96 kinapata mikrolita 80 za mchanganyiko na mikrolita 20 za maji ya mgongo. Mashine inapasha bamba hadi nyuzi 55, inatikisa kwa dakika 1 na kupumzika dakika 1, tena na tena, na kila baada ya dakika kadhaa inapiga mwanga na kusoma mng’ao. Kila mgonjwa anawekewa visima 4, sambamba na kontroli chanya na hasi, yaani sampuli ambazo majibu yake yanajulikana. Kwenye skrini unaona mistari minne inayotambaa chini kabisa saa baada ya saa. Ya mgonjwa wa CJD, katika wengi, inanyanyuka ghafla ndani ya saa chache za mwanzo, inapanda wima, kisha inatulia juu. Ya asiye nayo inabaki sakafuni hadi mwisho. Visima 2 au zaidi kati ya 4 vikivuka kizingiti, majibu ni chanya. Kikivuka 1, kipimo kinarudiwa. Toleo la kwanza lilihitaji karibu siku nne. Hili linamaliza chini ya siku moja.

Mtu asijaribu kukiiga bila maandalizi. Protini ya hamster isipokuwa safi hujikunja yenyewe ikatoa chanya za uongo, bamba lisipofunikwa sawasawa hukauka, na kila fungu jipya la protini lazima lijaribiwe kwa sampuli zinazojulikana kabla ya kugusa ya mgonjwa.

Hatua ya 8: Kusoma majibu

RT-QuIC chanya katika mgonjwa mwenye dalili zinazofaa ni ushahidi mzito sana. Kati ya watu 100 wasio na ugonjwa, 98 hadi 100 hupata hasi. Tangu 2018 vigezo vya Marekani vinakubali dalili za ubongo pamoja na RT-QuIC chanya kuwa CJD ya kuelekea hakika. Uhakika kamili hutoka kwenye tishu za ubongo pekee.

Hasi ni jambo jingine. Kipimo hukamata zaidi ya 90 kati ya wagonjwa 100 wa CJD ya kawaida, kwa hiyo wapo kinaowakosa. Kinawakosa zaidi wenye aina za kurithi kama ile ya kukosa usingizi hadi kufa na ile ya Gerstmann-Sträussler-Scheinker, na wenye ile aina ya nyama ya ng’ombe. Kinawakosa pia wale ambao maji yao yalikuwa na damu. Ikiwa hasi imekuja pamoja na tau ya juu sana na MRI inayofanana na CJD, ongea na maabara juu ya kurudia. Ikiwa hasi imekuja na tau ya chini na MRI isiyoeleweka, rudi kwenye orodha ya magonjwa yenye tiba na uanze upya kwa bidii.

Majibu ya chanya yapelekwe kwa daktari mwenyewe, yasiachwe kwenye kaunta. Familia itauliza kama wamejiambukiza kwa kumhudumia mzee wao, na jibu ni hapana. Itauliza kuhusu kuosha maiti na kuzika. Maiti ambayo haijapasuliwa huoshwa na kuzikwa kwa taratibu za dini kama kawaida, waoshaji wakivaa glavu. Iliyofanyiwa uchunguzi wa ubongo iwekwe kwenye mfuko usiovuja, na waoshaji waelekezwe na watu wa mochwari. Mgonjwa anayefia Marekani, kituo cha Cleveland husaidia kupanga uchunguzi wa ubongo bila kuidai familia, na ombi lazima lifike mapema kabla mazishi hayajapangwa.

Zile mililita 2 za akiba zibaki kwenye friza ya −80, zikiandikwa kwenye daftari la sampuli pamoja na tarehe na rafu. RT-QuIC ikirudi hasi, ndizo zitakazotumika kutafuta kingamwili za NMDA na LGI1 zinazoshambulia ubongo. Mgonjwa wa hizo hutibiwa kwa steroidi na dawa za kutuliza kinga, na wengi wao hurudi nyumbani wakitembea.